Koti la Kurudisha

"Makoti kumi yatatoka, makoti kumi yatarudi," alisema Meneja Kuang huku akichokonoa meno kwa njiti. "Likipungua moja, sitauliza nani kaiba. Nitakuuliza wewe."

Pu Cuilan alikuwa amesimama mbele ya meza yake, vipande vya nyuzi vimemganda kwenye sweta kama manyoya ya kuku. Tangu mwezi wa kumi wanawake arobaini wa kiwanda kile walikuwa wakishona kitu kimoja tu: koti la ngozi la kahawia, kifuani simbamarara mwenye mabawa, mgongoni kiraka cha hariri chenye maandishi. Koti la kuwaenzi marubani wa kigeni waliojitolea kupigana na Wajapani katika anga la Yunnan, China, miaka sitini na minne iliyopita. Viraka vyote alivishona Cuilan, maana mkono wake ulikuwa mnyoofu kuliko rula. Koti moja liliuzwa yuani elfu moja na mia nane. Mshahara wake ulikuwa mia sita kwa mwezi. Hesabu hiyo wanawake wote arobaini waliijua na hakuna aliyeisema kwa sauti.

"Mama mkwe wako si alikuwepo kwenye uwanja wa ndege enzi zile?" aliuliza Kuang.

"Alivuta jiwe la kushindilia, Bosi."

"Ndiyo huyo. Tarehe ishirini ni sherehe, wapiga picha wanatoka mkoani. Wanataka wazee kumi safu ya mbele, wamevaa makoti. Mikunjo ya uso, unanielewa? Mikunjo inauza."

"Na wale watakaokaa jukwaani, na wao watarudisha?"

Kuang alicheka. "Wale ni wageni waalikwa. Utamvua koti naibu mkuu wa wilaya? Hawa wako wameandikwa kwenye orodha ya ofisi ya utamaduni kama mingong. Nimeikuta hivyo, sikuiandika mimi."

Mingong. Raia wa kazi. Enzi za vita ndivyo walivyoitwa maelfu kwa maelfu waliofungwa kamba begani wakatengeneza viwanja vya ndege kwa mikono. Siku hizi neno ni lile lile, ila ukilitaja, mtu wa mjini anamwona yule jamaa wa kijijini mwenye godoro mgongoni, anayelala ndani ya jengo analolijenga na kufukuzwa siku linapopakwa rangi. Kibarua. Mtu wa kulipwa jioni na kusahauliwa asubuhi.

"Lakini Bosi, mingong ile ya zamani siyo..."

"Neno ni neno, Cuilan. Na hilo la kurudisha usimwambie kabla. Wazee wakijua mapema huleta maneno." Akatupa njiti. "Dewang hajambo? Bado analipenda geti langu?"

Dewang ni mume wa Cuilan, na ndiye mlinzi wa geti la kiwanda. Nyumba nzima ilikula kutoka mkono mmoja, na mkono huo ulijua.

"Hajambo, Bosi," alijibu Cuilan. "Analipenda."

*

Bibi Duan Fengzhi alikuwa akimenya viazi jikoni, umri wake miaka sabini na minane, kisu chake kikubwa kuliko kiganja. Aliposikia habari hakuinua macho. Alimaliza kiazi alichonacho, akachukua kingine, akakirudisha.

"Nani amenikumbuka?"

"Ofisi ya utamaduni, Mama. Ile karatasi yako ya kazi ya uwanjani, niliyowapelekea."

"Nilidhani wamefungia karanga." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Miaka sitini na minne, Cuilan. Hakuna aliyewahi kubisha hodi hapa kuniuliza, wewe mama, lile jiwe lilikuwa zito?"

"Lilikuwa zito, Mama?" aliuliza Dewang kutoka mlangoni, akijaribu kutania.

"Nyamaza. Wewe hata geti unalisukuma kwa matako."

Kisha, jambo ambalo Cuilan hakulitarajia, mzee alianza kuzungumza. Alikuwa na miaka kumi na minne. Lile jiwe lilikuwa la mviringo, refu kupita mtu, na lilivutwa na watu mia kwa kamba za nyasi ili lishindilie changarawe ndege zipate pa kutua. Kwenye mteremko halikusimama. Aliyeteleza, aliteleza moja kwa moja. Wenzake waliendelea kuvuta kwa sababu wakiacha lingewapata na wao. Kifuani kila mmoja alishonewa kipande cha kitambaa chenye herufi mbili, min na gong, na nambari.

"Herufi hizo ndizo nilizozijua mwanzo maishani. Wengine shule yao ilikuwa na dawati, yangu ilikuwa kifuani." Akacheka bila meno mengi. "Waliwaita wale marubani watu wa kujitolea. Na kweli, walikuja kwa hiari yao, na mishahara yao juu. Sina ugomvi nao. Mmoja alianguka kwenye shamba la viazi la kina Kou, tukamzika vizuri, tukamlilia kama wetu. Ila sisi hatukuitwa wa kujitolea. Sisi tulikuja na kamba."

Halafu akauliza kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayeona haya kutaka kitu:

"Na hilo koti, ni langu?"

Cuilan alimtazama mumewe. Mumewe alitazama viatu vyake.

"Utavalishwa, Mama," alisema Cuilan. "Kiraka chake nitakishona mwenyewe."

Utavalishwa! Hakusema utapewa. Alilichagua neno kama mtu anavyochagua kokoto kwenye mchele, akalitoa neno la kweli na kubakisha lisilo uongo. Hata maiti huvalishwa. Bibi Duan hakuisikia tofauti. Kesho yake aliosha nywele kwa maji ya moto, akapita nyumba saba kuwaambia majirani wasikose kuja kumwona.

*

Tarehe ishirini upepo ulikuwa wa wembe. Uwanja wa ndege wa zamani wa mji wa Yanfang sasa ni mashamba ya kabichi, isipokuwa kipande kimoja kilichoachwa kwa ajili ya kumbukumbu na kwa ajili ya hoteli itakayojengwa. Jukwaani walikaa waheshimiwa ishirini ndani ya makoti ya kahawia, watu ambao hawajawahi kuinua jiwe hata lile la kukandamizia achari kwenye mtungi. Naibu mkuu wa wilaya alisema historia ina kumbukumbu. Mwenye hoteli alisema historia ni fursa. Meneja Kuang alisema kila mshono wa koti lile ni shukrani, na Cuilan, aliyekuwa amesimama pembeni na mkasi, uzi na kiwembe mfukoni iwapo zipu ya mheshimiwa itakwama, alitazama vidole vyake vilivyochanika kwa shukrani hizo.

Wazee kumi walikaa safu ya mbele kwenye viti vya plastiki. Makoti yao ya pamba waliambiwa wayaweke chini ya viti, yanaharibu picha. Bibi Duan alikaa wima kama bibi harusi. Wapiga picha walimwendea mara nne. "Bibi, tazama angani! Kama unaziona ndege!" Akatazama. "Bibi, toa chozi kidogo!" Akawauliza kama wamekuja na kitunguu, na safu nzima ya majirani nyuma yake ikapasuka kwa kicheko. Cuilan hakuwa amemwona mama mkwe wake akifurahi hivyo tangu mjukuu alipozaliwa.

Hotuba zilipokwisha, waheshimiwa wakaingia kwenye magari na makoti yao kwenda kula. Ndipo akaja binti Tao, karani wa ofisi ya utamaduni, msichana wa miaka ishirini na mitatu, ameshika orodha kwenye ubao na kipaza sauti mkononi. Nyuma yake vijana wawili walibeba katoni.

"Mingong wote, huku!" alitangaza. "Makoti yarudi kwenye katoni. Mkisharudisha mtasaini posho ya siku, chakula cha sanduku kiko nyuma ya jukwaa pamoja na wale waliopanga viti. Haraka jamani, baridi hii!"

Wazee walitazamana. Mzee Kou, aliyekuwa wa kwanza kwenye safu, alidhani hakusikia vizuri. Kijana akamshika mkono wa koti akalivuta kwa adabu, kama unavyomvua mtoto. Chini yake mzee alikuwa na sweta lililotoboka kiwikoni, maana nguo yake nzuri ilikuwa lile koti la pamba chini ya kiti, na mahali pake alikuwa amevaa koti lao. Majirani waliona. Mzee Kou akainama kutafuta koti lake la pamba chini ya kiti, akachukua muda mrefu kuinuka.

Wa pili akavua. Wa tatu. Wa nne alikuwa mwanamke, akageuka ukutani kuvua, ingawa hapakuwa na ukuta.

Bibi Duan hakuvua.

"Bibi, ni zamu yako," alisema binti Tao.

"Zamu ya nini?"

"Ya kurudisha koti. Ni la kuazima, Bibi."

"Mimi sikuazima kitu." Hakupandisha sauti. "Nililetwa. Nimezoea kuletwa. Lakini kuazima sikuazima."

Meneja Kuang, ambaye alikuwa amebakia kuhesabu mali yake, alikuja kwa hatua fupi za haraka. "Kuna nini? Cuilan! Mwambie mama yako."

Dewang naye alisogea kutoka kwenye kamba alikowekwa kuzuia watu. "Mama," alinong'ona, "vua tu, tafadhali. Mbele za watu hivi..."

"Mbele za watu ndipo waliponivalisha," alisema Bibi Duan. Kisha akamgeukia mkwewe, na Cuilan akajua swali kabla halijafika, kama mtu anavyoijua sindano kabla haijaingia.

"Cuilan. Ulijua?"

Ingetosha kusema hapana. Kuang alikuwa anamtazama, macho yake yakimwambia sema hapana na tumalize. Angesema sikujua Mama, ni makosa ya ofisi, vua nitakununulia jingine, na mwezi ungeisha kwa mia sita yake na mia tano za Dewang. Majirani wote walikuwa wakitazama. Walikuja kuona heshima, sasa wanaona hii.

"Nilijua, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Nilikuambia utavalishwa."

Mzee alilitafuna lile neno. "Ee. Ulisema hivyo. Na mimi mjinga nikaenda kuosha nywele." Akashika ukosi wa koti. "Nguo ya kuazima haisitiri matako, Cuilan. Hilo hata wewe ulipaswa kulijua, fundi mzima."

Cuilan alihisi uso ukimwaka. Angepigwa kofi ingekuwa nafuu.

"Imetosha," alisema Kuang. "Koti ni la elfu moja mia nane. Bibi amelipenda, namwelewa, nani hapendi kitu kizuri? Lakini kila kibarua akiondoka na koti, mimi nitabaki na nini?"

"Kibarua," alirudia Bibi Duan. Akageuza mgongo kwa binti Tao. "Wewe msomi, njoo. Nisomee kilichoandikwa mgongoni kwangu. Tumia hicho kidude, wasikie na wa nyuma."

Binti Tao alimtazama Kuang, akatazama ule mgongo mdogo ndani ya ngozi kubwa. Akasoma. Labda ni mazoea tu ya kusoma anachoambiwa.

"'Mgeni huyu amekuja China kutusaidia vitani. Askari na raia, mwokoeni.'"

"Rudia hapo kwenye raia. Herufi gani?"

"Min."

"Na kwenye orodha yako mimi nimeandikwa nani?"

Msichana aliinamia ubao. "Min... mingong."

"Ni min huyo huyo au mwingine?"

Kipaza sauti kilivuma. "Ni huyo huyo, Bibi." Na hapo rangi ikamtoka usoni, maana alikuwa amekumbuka karatasi: karatasi ya njano aliyopewa miezi mingi iliyopita, yenye mhuri wa mwaka elfu moja mia tisa arobaini na mbili, aliyoisoma kwa sekunde tatu na kumweka aliyetajwa humo kwenye fungu la wapanga viti. "Mimi nilidhani... nilidhani ni vibarua wa leo. Wa kujaza viti."

"Yeye alidhani," Bibi Duan alisema, akimwelekeza Kuang kidole. "Wewe ulijua. Mkwe wangu anakushonea viraka hivi kwa miezi mitatu sasa, kila kimoja kinaniita kwa jina, mwokoeni, mwokoeni, na sisi tuliokoa. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mwenyeji alipona wapi? Kaka yangu, aliyepitiwa na lile jiwe, yuko chini ya kabichi hizo, haijulikani ni mguu upi wala mkono upi, na wewe unakuja kunivua nguo mbele ya majirani zangu?"

"Cuilan," alisema Kuang taratibu. "Mvue. Sasa hivi. La sivyo kesho usije, na mumeo asije."

Cuilan alisogea. Watu waliona mkono wake ukiingia mfukoni na kutoka na kiwembe, na mtu akapiga kelele. Lakini alipiga magoti nyuma ya mama mkwe wake, akakishika kiraka ukingoni, akakata uzi wa kwanza. Mishono yake aliijua. Alijua pa kuanzia ili uzi wote ufuate, na ukafuata, ukilia trrr kama mchele unaomwagika. Hariri ikabaki mkononi mwake. Kwenye ngozi kukabaki mraba wa vitundu, mamia, na ngozi si kitambaa. Tundu la sindano kwenye ngozi halizibiki.

"Umeharibu mali!" Kuang alipiga ukelele. "Dewang! Mshike mkeo!"

Dewang alikuja kweli. Alisimama mbele ya mama yake, akamfungua zipu, akamvua koti, akalikunja vizuri kama alivyofunzwa kukunja bendera ya kiwanda, akampa bosi wake.

"Moja," alisema. "Umesema kumi yarudi. Hili hapa."

"Ngozi chukua," alisema Bibi Duan, akiingiza mikono yake kwenye koti lake la pamba. "Nilikuwa naiogopa. Mtu akizikwa na ngozi anarudi duniani mnyama, na kwato."

Mzee Kou alikuwa ameshaiendea ile katoni. Alichimbua mpaka akapata lililokuwa lake, akalitambua kwa ukosi uliokuwa bado una joto, akaja akamwekea Cuilan magotini. Nyuma yake wa pili akawa anachimbua.

"Nitaita polisi!" Kuang alikuwa akibonyeza simu kwa kidole gumba. "Hufanyi kazi tena mji huu, unasikia? Wote wawili! Wezi nyie!"

Cuilan alisikia. Mia sita na mia tano. Ada ya mtoto mwezi wa pili. Makaa ya mawe. Alivisikia vyote vikianguka kimoja kimoja, na mikono yake ikaendelea kutunga uzi kwenye sindano.

"Kaa, Mama. Nikushonee."

"Sijakusamehe," alisema Bibi Duan, akikaa kwenye kiti cha plastiki na kumpa mgongo wa koti la pamba.

"Najua."

"Nitakusamehe nikitaka. Leo sitaki."

"Sawa, Mama."

Nguo haishonwi mwilini mwa mtu, kila mwanamke wa Yanfang anajua hilo. Aliyeshonewa akiwa amevaa atasingiziwa wizi. Dawa yake ni kuuma kipande cha uzi na kunyamaza mpaka mshono uishe. Kwa hiyo Cuilan alikata uzi mfupi akampa mama mkwe wake kwa juu ya bega, na mzee akautia kati ya meno machache aliyonayo kama alivyofanya mama yake, na mama wa mama yake. Sindano ikaingia. Hariri ikaanza kushika kwenye pamba.

"Wezi!" alikuwa akisema Kuang kwenye simu. "Ndiyo, wezi, njooni! Yule bibi kizee ndiye wa kwanza!"

Bibi Duan alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akautoa ule uzi mdomoni, akautazama, akautupa chini.

"Ameshaniita mwizi," alisema. "Wewe shona."